Usingoje nguruwe akonde ndipo umshuku

WAFUGAJI wengi wa nguruwe huamini kuwa mnyama mwenye minyoo lazima akonde. Kwa minyoo mingi ya tumboni ni kweli. Kwa tegu wa nguruwe, imani hiyo inawatia hasara.

Tegu mkubwa haishi kwa nguruwe bali katika utumbo wa binadamu, ambamo hufikia urefu wa meta kadhaa. Mwenye tegu huyo anaweza kupungua uzito, lakini wengi hawakondi. Huona tu vipande bapa vyeupe chooni. Akijisaidia vichakani, nguruwe wanaozurura hula mayai pamoja na kinyesi. Mayai hayo huwa malengelenge ndani ya nyama, mfano wa punje za mchele, na nguruwe anaendelea kunenepa.

Hasara huonekana siku ya kuuza. Mchuuzi anamlaza mnyama, anavuta ulimi na kuupapasa. Akikuta vivimbe, anashusha bei au anaondoka. Miezi yote ya pumba na mashudu imepotea kwa dakika moja! Wilayani Mbulu, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua ndimi za nguruwe 770, na takriban 17 katika kila 100 walikutwa na malengelenge. Tena ulimi huficha. Mwenye machache hupita. Wengine huchinjwa kwa siri, nyama ikaishia kwenye kitimoto kwa bei ya chee.

Mlaji wa nyama hiyo isiyoiva hupata tegu. Mtu akimeza mayai, kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, malengelenge yanaweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hesabu hiyo hakuna mchuuzi anayeilipa.

Banda la miti na choo kinachotumiwa na wote nyumbani ni gharama ndogo kuliko nguruwe mmoja aliyekataliwa. Ipo pia dawa ya oxfendazole, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mwite mtaalamu wa mifugo, na usichinje kabla ya muda atakaokuelekeza.

Kwa upande wa watu, anayekonda bila sababu aende zahanati, maana hata kifua kikuu na kisukari hukondesha. Aliyeona vipande chooni naye asikimbilie duka la dawa: baadhi ya dawa za tegu zinaweza kumletea kifafa mwenye malengelenge kichwani.