Bafle Ndogo ya Nyumbani: Tuichague Namna Gani?

Siku hizi ukipita sokoni hapa Kirungu, au ukishuka mpaka bandarini Moba siku ambayo chombo kimefika kutoka Kalemie, utaona meza zimejaa bafle ndogo ndogo za Bluetooth, nyekundu, buluu, nyingine zinamulika taa kama siku ya Noeli. Vijana wanasimama pale muda mrefu. «Yaya, sikiya hii! Iko na nguvu mingi, wati makumi ine!» Na feza ya korali, ambayo watu walitia kidogo kidogo tangu Kwaresima, inaisha kwa dakika tano.

Mimi pia nilianguka katika mtego huo. Bafle yangu ya kwanza iliandikwa wati 40. Wiki mbili ilipiga vizuri, ya tatu ikaanza kuzima katikati ya wimbo. Fundi alipoifungua tulikuta batri nyembamba kama kidole cha mtoto, na kando yake kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ili mnunuzi aone uzito. Fundi alicheka. Mimi sikucheka.

Kwanza tusemezane juu ya wati. Bafle inayoshikwa kwa mkono mmoja, yenye batri moja ndani na kuchajiwa kwa waya wa simu, kwa kawaida hutoa wati 3 mpaka 5 za kweli. Inatosha kwa chumba, kwa jikoni, kwa watu kumi wanaojifunza wimbo. Uwanja mzima haitaujaza. Basi ukiona 40 au 50 juu ya kitu kidogo hivyo, ujue mwandishi wa karatasi ile alikuwa mkarimu sana.

Jambo kubwa kwetu ni batri, maana wengi wetu tunachaji kwa pano ya jua ama tunalipa kwa mwenye kuchaji. Tafuteni herufi mAh. Chukueni mfano wa batri ya 1200 mAh. Nguvu yake ni volti 3.7. Ukizidisha 3.7 kwa 1.2 unapata kama 4.4, yaani inaweza kutoa wati moja kwa muda wa saa nne na kitu. Ukisikiliza kwa sauti ya kadiri, hesabu hiyo inakaribia ukweli. Ukipandisha sauti mpaka mwisho, bafle inakula wati tatu ama zaidi, na saa nne zinakuwa saa moja na nusu. Kwa hiyo muuzaji akisema «inafika saa kumi», umuulize: kwa sauti gani?

Bafle nyingi zina batri ya mviringo iliyoandikwa 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65. Hiyo ni nzuri, kwa sababu fundi anaweza kuibadilisha, hata kwa kutoa nyingine nzima katika batri ya kompyuta ya zamani. Lakini angalieni: batri bora kabisa za kipimo hicho zinashika karibu 3500 mAh. Iliyoandikwa 9900 ni uongo mtupu. Na batri iliyovimba msiichaji tena, hata mara moja. Inaweza kuwaka moto ndani ya nyumba ya majani.

Ajabu yake ni kwamba ndani ya batri nyingi za namna hii mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa Kongo, hasa pande za Kolwezi na Likasi. Litiamu nayo iko tele chini ya udongo wa Manono, katika jimbo letu hili la Tanganyika. Ndugu zetu wanatoa jiwe, jiwe linavuka bahari, na linaturudilia katika boksi la plastiki lenye uongo juu yake.

Vijana watauliza: na alama kubwa, je? JBL Go 3, kwa mfano, ni kitu kizuri: wati 4.2, saa kama tano, haiingii vumbi wala maji. Lakini haina mahali pa kadi ya memori, wala haina redio. Kwa mtu wa mjini mwenye umeme si neno. Kwa mama wa Kirungu anayetaka habari za redio huku anasonga bukari, mimi naona bafle ya bei ndogo yenye FM na kadi inamfaa zaidi. Tena ukipiga nyimbo kwa Bluetooth, simu na bafle zote mbili zinamaliza moto. Ukipiga kwa kadi, simu inalala. Na ya kuiga jina kubwa ziko nyingi mezani: ukiona JBL kwa bei ya sahani mbili, hapana.

Mkienda kununua, bebeni simu yenu na kadi yenu. Msianze na rumba yenye bezi nzito, maana bezi inaficha makosa. Pigeni kwanza sauti ya mtu anayesema, padri ama mwanamke anayesoma, mkasikie kama maneno yanatoka wazi. Halafu pandisheni sauti mpaka mwisho: je, inakwaruza? Mmoja ashike simu na kutembea hatua kumi. Ikikatika hapo, rudisheni. Chomekeni waya wa kuchaji na kuutikisa kidogo, kwa sababu tundu lile ndilo linalokufa mbele ya vyote. Kwa redio ya FM, waya huo huo mara nyingi ndio antena, basi msiutupe. Mwisho geuzeni bafle na kutazama chini: yenye visi inafunguka, ya gundi fundi ataivunja.

Neno moja kwa wanakorali. Bafle nyingi zikiwashwa zinasema kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza, kwamba ziko tayari. Wakati wa Konsekrasio hiyo si habari njema. Zimeni kabisa mbele ya mlango wa kanisa.