Kununua Moto ya Magurudumu Matatu Iliyotumika: Wamama, Tuangalie Nini?

Anayepanda Kadutu na mzigo mgongoni anajua uzito wake. Ndiyo maana kikundi cha likelemba kinaweza kufikiri kununua moto ya magurudumu matatu ya kubeba mizigo. Mpya ni ghali. Iliyotumika inaweza kufaa, mkiichagua vizuri.

Kwanza, gawanyeni pesa kabla ya kwenda kuiona. Mkiwa na dola 1,000, msizimalize zote kwa muuzaji. Wekeni hata 200 za tairi, betri, freni na makaratasi.

Pili, nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Fikeni injini ikiwa baridi, muone kama inawaka bila shida. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini inakula oili. Chungulieni pia chini ya sanduku: shasi yenye alama za kuchomelewa huenda ilibebeshwa kupita nguvu yake.

Tatu, Bukavu ni milima. Pakieni mzigo, dereva apande, ashuke, asimame katikati ya mteremko. Freni zisiposhika pale, msinunue, hata bei ikiwa tamu. Barabarani kuna watoto wetu.

Mwisho, linganisheni namba ya shasi na ile ya kwenye makaratasi. Zisipofanana, rudini nyumbani na pesa zenu. Zikifanana, mkataba uandikwe kwa jina la kikundi, mbele ya mashahidi, si kwa jina la bwana wa mmoja wetu. Akiba ya wamama wote isigeuke mali ya nyumba moja.