Kilombero: njia fupi ni ile inayogeukika

Mtumbwi uliosheheni matenga ya samaki haukati kona kama baiskeli. Ni gogo moja lililochongwa, refu na jembamba. Mwenye upondo akiona kona ya Mto Kilombero, Tanzania, huanza kuusogeza kichwa mapema. Akichelewa, mkondo huupiga ubavuni na kuutia kwenye matete, na wakati yeye anahangaika kujinasua, soko la asubuhi linamwacha.

Kwa wenye magari, adha ya maji ilipungua tarehe 5 Mei 2018, lilipofunguliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, kati ya Ifakara na Ulanga. Kabla ya hapo mizigo ya Mahenge ilisubiri pantoni, na Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka katika dhoruba. Lakini daraja halifiki kwenye kambi za wavuvi. Tambarare ya Bonde la Kilombero, iliyoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, ina karibu kilometa za mraba 8,000. Masika yakiifunika, lori lake ni mtumbwi.

Huko mafuta ya chombo ni mabega ya mtu. Kushuka na mkondo ni nafuu, kupanda ni jasho. Samaki asiye na barafu hangoji, ndiyo maana wengine hubanikwa hukohuko kambini. Kila mzunguko usio wa lazima unakula faida ya mchuuzi.

Wanahisabati nao wamelishughulikia tatizo hili la njia fupi ya chombo kisichokata kona ghafla. Mwaka 1957 Mmarekani Lester Dubins alithibitisha kwamba chombo kinachokwenda mbele tu, tena chenye kikomo cha kugeuka, njia yake fupi kabisa haizidi vipande vitatu: kona kali kadiri kinavyoweza, na mstari ulionyooka. Kwa meli kikomo hicho ni kikubwa. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) vya mwaka 2002 vinaruhusu upana wa mgeuko kufikia mara 5 ya urefu wa meli, hivyo meli ya meta 200 yaweza kuhitaji kilometa nzima. Baadhi ya programu za kuongozea vyombo hupiga hesabu hiyo upya kila kizuizi kinapojitokeza.

Kilombero kizuizi huibuka kikipuliza maji: kiboko. Mwenye upondo huamua papo hapo, akijua mtumbwi wake unageukia wapi na maji yana kina gani.

Hesabu ya njia fupi simu ya mkononi inaiweza. Kigumu ni ramani, kwa sababu mafuriko huhamisha mchanga na mkondo wa mwaka jana huweza kuwa fungu mwaka huu. Anayetaka kuwekeza kwenye usafiri wa bonde hili aanze kwa kupima kina, tena kila baada ya masika. Kwa sasa vipimo hivyo vimo kichwani mwa wazee wa mto, na mchuuzi mwenye mzigo mkubwa hajali mtumbwi ni wa nani. Anauliza nani ameshika upondo.