Je, Wajua? Kioo Kikunjwacho
Je, wajua ya kuwa Galaxy Fold, simu ya kukunjwa ya Samsung iliyotangazwa Februari 2019 kwa dola 1,980 na kungojewa kwa shauku kubwa, iliahirishwa siku chache kabla ya kuuzwa Aprili, kwa sababu baadhi ya waandishi waliopewa kuijaribu walibandua utando wa juu wakidhani ni karatasi ya kinga tu, ilhali ulikuwa sehemu ya kioo chenyewe? Wengine hawakubandua kitu, na vioo vyao vikaharibika vilevile. Kwa hiyo waliokuwa na shaka na simu hiyo walikuwa na haki, na kuahirishwa huko kulimnusuru mnunuzi na hasara. Kampuni ikaurefusha utando hadi chini ya fremu, ikaziba mianya ya bawaba isiingie taka, na Septemba simu ikauzwa.