Mashabiki Wanapomdai Mwanamuziki Ujana Wao

Mwishoni mwa mwaka 1983 kampuni ya kurekodi ya Geffen ilimshtaki mwanamuziki wake yenyewe, Neil Young, ikidai fidia ya dola milioni 3.3. Young hakuwa ameiba wimbo wa mtu, wala hakuwa amegoma kuingia studio. Lalamiko lilikuwa kwamba kazi alizoleta hazikuwa za kibiashara na hazikufanana na muziki aliokuwa akiutoa zamani. Kwa maneno mengine, alishtakiwa kwa kuacha kuwa yule Neil Young waliyemzoea watu. Baadaye kesi iliondolewa na mwenye kampuni, David Geffen, akamwomba radhi. Lakini hati ile ya mashtaka ilikuwa imebeba kilio cha mashabiki wengi: turudishie yule wa zamani.

Kilio hicho kinajulikana kila penye muziki. Wapenzi wa zilipendwa wanakijua, na wapenzi wa roki wanakijua vilevile. Tumekizoea kiasi kwamba tunakichukua kama hukumu juu ya msanii: alikuwa mzuri, akaharibika. Watafiti wa kumbukumbu na usikivu wamekuwa wakiichunguza hukumu hiyo kwa miongo kadhaa, na kazi zao zinaonyesha kwamba sehemu yake kubwa inatoka kichwani mwa msikilizaji.

Tuanze na huyo wa zamani aliyekuwa akidaiwa. Young alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1945. Mwaka 1972 alitoa albamu ya Harvest: gitaa la mbao, kinanda cha mdomo, ngoma zinazopigwa bila haraka, na juu yake ile sauti yake nyembamba inayoelekea kukatika lakini haikatiki. Siku hizo mgongo ulikuwa ukimtesa hata kubeba gitaa zito la umeme ikawa taabu, akawa anapiga gitaa jepesi amekaa. Yaani utulivu ambao mamilioni waliupenda ulichangiwa na maumivu ya mgongo. Wimbo wake "Heart of Gold" ulishika namba moja Marekani, na Harvest ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka ule.

Sasa mfikirie aliyekuwa na miaka kumi na minane wakati huo, na santuri hiyo inazunguka chumbani kwake kutwa. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha jaribio lililogusa watu kama huyo. Waliwasikilizisha watu 108, wenye umri kuanzia miaka 16 hadi 86, vipande vya nusu dakika vya nyimbo 28 zilizotamba kati ya mwaka 1932 na 1986, kisha wakawauliza wanazipenda kiasi gani. Walipolinganisha majibu na umri wa kila mtu wakati kila wimbo ulipotoka, mapenzi yalipanda kuelekea mwisho wa ujana, yakafika kileleni kwenye miaka 23 na nusu, kisha yakateremka. Kilichokuwa na uzito ni umri aliokuwa nao mtu wimbo ulipomkuta, hata kama wimbo wenyewe ulitoka miaka ya thelathini.

Matokeo hayo yanakwenda sambamba na jambo ambalo wanasaikolojia walikuwa wameliona kabla ya hapo. Ukimwomba mtu mzima akusimulie mambo ya maisha yake, kumbukumbu zinazidi isivyo kawaida kwenye kipindi cha miaka kumi hadi thelathini hivi. Zipo sababu kadhaa na watafiti hawajaacha kubishana kuhusu uzito wa kila moja. Umri huo ni wa mambo ya kwanza: mapenzi ya kwanza, mshahara wa kwanza, safari ya kwanza mbali na wazazi, na jambo la kwanza hukaa kichwani kuliko la ishirini. Pia ndio umri ambao mtu anaamua yeye ni nani, na muziki ni mojawapo ya vitu vya kwanza anavyovitumia kujitambulisha mbele ya wenzake. Halafu kuna kurudiarudia. Kijana husikiliza wimbo mmoja mara nyingi kwa wiki; mtu mwenye watoto na madeni hana nafasi hiyo. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alikuwa ameonyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha, peke yake, kutufanya tukipende zaidi.

Ubongo wenyewe unaacha alama. Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwaweka wanafunzi ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwapigia nyimbo zilizokuwa zikivuma walipokuwa watoto na vijana. Wimbo ulipogusa kumbukumbu ya maisha yao, sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, upande wa kati, ilichangamka. Hiyo ni sehemu inayohusika na mtu kujifikiria mwenyewe, na ni miongoni mwa zinazochelewa kuliwa na ugonjwa wa Alzheimer. Nayo maabara ya Robert Zatorre huko Montreal ilionyesha mwaka 2011 kwamba wimbo tunaoupenda huamsha dopamini, kemikali inayohusishwa na raha, ubongoni mara mbili: kwanza tunapoungojea ule mpindo tunaoujua unakuja, kisha unapofika. Hapo wimbo mpya umeshazidiwa kabla haujaanza. Raha ya kungojea hupatikana kwa anayejua kinachokuja, na wimbo mpya haujaijenga bado.

Ndiyo maana siwacheki mashabiki wanaodai ya zamani. Raha wanayoisema ipo na inapimika. Wanachokosea ni anwani: wanamdai mwanamuziki kitu kilichoko ndani yao.

Turudi kwa Young. Mwanzoni mwa mwaka 1983 mashabiki wake walipata albamu iitwayo Trans. Kwenye nyimbo zake nyingi ile sauti nyembamba ya Harvest haikusikika kabisa. Kulikuwa na sintetiza, mdundo wa mashine, na sauti kama ya roboti iliyopitishwa kwenye vokoda. Hata "Mr. Soul", wimbo wake wa mwaka 1967, aliurekodi upya kwa njia hiyohiyo. Wengi waliona wamefanyiwa dhihaka.

Vokoda ilibuniwa na mhandisi Homer Dudley wa Bell Labs, Marekani, ili sauti ya simu isafirishwe kwa waya kwa gharama ndogo. Inaigawa sauti ya binadamu katika mikanda, kuanzia mizito ya chini hadi miembamba ya juu, na kupima nguvu ya kila mkanda kadiri maneno yanavyotamkwa. Kisha vipimo hivyo hutumika kuendesha sauti nyingine, kwa mfano ya sintetiza, nayo ikaanza "kusema". Matamshi yanabaki, lakini koo la mwenyewe linaondolewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mbinu hiyo ilitumika kuficha mazungumzo ya simu ya viongozi wa Marekani na Uingereza.

Na koo ndilo tunalolitambua kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 1999 Glenn Schellenberg na wenzake waliwapa wasikilizaji vipande vya nyimbo maarufu vyenye urefu wa sehemu ya kumi ya sekunde. Humo hakuna maneno wala tuni, ila rangi ya sauti tu, na bado watu waliweza kuvioanisha na majina ya nyimbo kuliko ambavyo kubahatisha kungewawezesha. Sikio linaamua "ni yeye" au "si yeye" kabla akili haijapata la kuwaza. Kwa Trans, jibu lilikuwa "si yeye", na kwa wasikilizaji wengi mlango ulifungwa hapo.

Nyuma ya mlango huo kulikuwa na mtoto. Ben, mwana wa Young aliyezaliwa mwaka 1978, ana mtindio wa ubongo na hawezi kusema. Young na mkewe Pegi walikuwa wamejitosa katika mpango wa mazoezi uliokula siku zao karibu zote nyumbani. Baadaye Young alieleza kwamba nyimbo za vokoda zilitoka huko: ni za mtu anayesema na haeleweki, na wa upande wa pili anayejitahidi kumwelewa. "Transformer Man" ni wimbo wa Ben. Young, mpenzi mkubwa wa treni za kuchezea, alimtengenezea mwanawe njia ya kuziendesha kwa kubonyeza kitufe kikubwa, na kitufe, swichi na amri zimejaa kwenye nyimbo hizo. Wakati ule hakumwambia mtu. Baba alichagua kuimba kwa sauti isiyoeleweka vizuri kwa sababu ndiyo hali aliyokuwa akiishi nayo na mtoto wake, na watu wakamjibu kwamba hawamwelewi. Kila nikiisoma habari hii naona uchungu mkubwa ndani yake. Mwaka 1986 Pegi Young alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Bridge School huko California, shule ya watoto wenye ulemavu mkubwa wa mwili na wa kuzungumza, na kwa miaka mingi wanamuziki wakubwa walifika kila mwaka kutumbuiza ili kuichangia.

Kuna sababu nyingine ya kilio cha mashabiki ambayo haitajwi sana, nayo ni ya hesabu. Mwaka 1886 Francis Galton, mtu ambaye mawazo yake kuhusu uzazi na rangi za watu yaliuletea ulimwengu madhara makubwa, aligundua jambo la kweli alipopima urefu wa wazazi na watoto wao: watoto wa wazazi warefu sana kwa kawaida ni warefu kuliko watu wengi, lakini si warefu kama wazazi wao. Kila kilichopita kiasi kwa sababu ya bahati kuchanganyika na uwezo huelekea kufuatiwa na kilicho karibu zaidi na wastani. Watu wengi walimjua Young kupitia Harvest kwa sababu mwaka ule kipaji, studio ya Nashville, wapigaji, hata mgongo mbovu, vilikutana vizuri kupita kawaida. Kazi iliyofuata ilikuwa na nafasi kubwa ya kupungua machoni pao hata kama mwanamuziki hakubadilika chochote. Kwa kuwa shabiki huzaliwa kileleni, analoliona baadaye kwa kawaida ni mteremko.

Young alirudi kwenye sauti ya Harvest mwaka 1992, kwa albamu ya Harvest Moon, na wapigaji wengi walikuwa walewale wa zamani. Mashabiki walifurahi kama waliosikilizwa ombi lao. Lakini Young amesema kwamba baada ya kuhariri rekodi za maonyesho yake ya mwaka 1991, yaliyojaa gitaa za umeme zenye kelele kubwa, masikio yake yalibaki na mlio na yakawa hayavumilii sauti kubwa. Muziki wa taratibu ndio alioweza kuukalia studio. Kwa mara ya pili mwili wake ulikuwa umemlazimisha kupiga polepole.

Mwezi Februari mwaka 1993 alirekodi onyesho la kituo cha televisheni cha MTV, bila vyombo vya umeme. Baada ya "Harvest Moon" aliimba "Transformer Man", wimbo uleule, maneno yaleyale, tuni ileile, safari hii kwa gitaa la mbao na waitikiaji, bila vokoda. Sikiliza rekodi zote mbili moja baada ya nyingine. Kinachobadilika zaidi ni rangi ya sauti, na katika hii ya pili unasikia waziwazi baba akimwimbia mwanawe wimbo wa mapenzi, jambo lililokuwa kwenye santuri ya Trans kwa miaka kumi yote ile.