Nakshi kwenye Yai la Mbu

Ukipita Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, utamwona mama akivuta pindo la kanga, analisogeza karibu na macho na kulipapasa kwa kidole gumba kabla hajauliza bei. Anakagua nyuzi. Karne ya 17, huko Delft, Uholanzi, wauza nguo walitumia lenzi kwa kazi hiyohiyo. Mmoja wao akasaga lenzi zake mwenyewe, akazielekeza kwenye tone la maji, na katika miaka ya 1670 akaona viumbe hai ambavyo hakuna aliyewahi kuviona.

Siku hizi picha za hadubini hutundikwa ukutani kama sanaa, na huwa na mashindano. Mimi ningetundika Kariakoo picha ya yai la Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengue, homa iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kwa macho matupu ni chembe nyeusi isiyofika milimita moja. Ungedhani ni masizi. Chini ya hadubini ya elektroni, ganda lote limejaa nakshi, vijumba vyenye pande nyingi vilivyoshonana kama ukili wa mkeka. Hata mistari myeupe ya miguu ya mbu huyu ni magamba madogo yaliyolaliana kama vigae.

Lakini rangi za picha hizo zisikudanganye. Hadubini hiyo haitumii mwanga, hivyo picha hutoka nyeusi na nyeupe. Zambarau na buluu huongezwa baadaye kwenye kompyuta ili jicho litofautishe sehemu. Mwanafunzi aambiwe hivyo mapema.

Yai hilo jike hulibandika kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji. Likikauka halifi. Laweza kungoja miezi, na maji yakipanda tena huanguliwa. Mama wa Gerezani anayemwaga maji ya diaba na kulijaza upya amefanya nusu ya kazi, maana mayai yamebaki palepale. Diaba lisuguliwe kwa brashi kila wiki, kisha lifunikwe vizuri. Fundi wa matairi naye asiyaache mvuani. Chandarua tusikiache, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku, ila huyu wa mistari huuma zaidi mchana, saa ambazo muuzaji wa kanga amekaa kwenye meza yake.

Si kila mbu mwenye mistari amebeba virusi, na hakuna picha inayotibu. Malaria na dengue huanza kwa kufanana, kwa hiyo mwenye homa akapimwe, asikisie.

Kwa mtoto wa shule, tochi ya simu na kioo cha kukuzia vinatosha kuanzia. Ainamishe kichwa ndani ya diaba la nyumbani, amulike pale maji yalipoishia jana, atafute vidoa vyeusi.