Sasa na Zamani: Mtihani Aliouacha John Mbiti

John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019, hukumbukwa kwanza kama mwanathiolojia: kasisi wa Kianglikana, aliyefundisha Makerere tangu 1964 hadi 1974. Hata hivyo hoja iliyompatia sifa na upinzani mkubwa kuliko zote haikujengwa juu ya Maandiko Matakatifu peke yake. Ilijengwa juu ya vitenzi. Kwa sababu hiyo, wanaisimu hawana budi kuipima.

Katika kitabu chake African Religions and Philosophy, kilichotoka mwaka 1969, Mbiti alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili tu: uliopita, ulio mrefu mno, na uliopo. Wakati ujao karibu haupo, kwani mambo yake hayajatukia, na lisilotukia haliwezi kuhesabiwa kuwa wakati. Ushahidi wake mkuu ni jedwali la njeo za Kikamba, ambamo njeo tatu za wakati ujao hazivuki miezi sita, au miaka miwili kwa upeo wake. Akichelea kwamba maneno ya Kiingereza yangeleta fikira za kigeni, aliazima mawili ya Kiswahili: Sasa, yaani kipindi anachokiishi mtu pamoja na mambo ya karibu, nyuma na mbele yake, na Zamani, kina ambamo kila tukio hutua mwishowe. Marehemu anayekumbukwa kwa jina yumo bado katika Sasa; akishakufa mtu wa mwisho aliyemjua, huingia Zamani.

Hoja hii haikuzaliwa kwa kupenda ubishi. Katika tasnifu yake ya Cambridge ya mwaka 1963, iliyochapishwa mwaka 1971, Mbiti alichunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mahubiri ya wamisionari juu ya mambo ya mwisho. Aliona kwamba lugha ya mifano ilieleweka kama habari ya vitu vinavyoshikika, na kwamba ujio wa Kristo ulifikiriwa kuwa karibu mno. Swali lake, basi, lilikuwa la kichungaji kabla ya kuwa la kifalsafa: mtu ataielewaje ahadi ambayo lugha yake haina mahali pa kuiweka?

Wapinzani hawakukosekana. Kwame Gyekye, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alionyesha kwamba Kiakan cha Ghana kina maneno ya wakati na ya siku zijazo, na kwa hiyo lugha moja au mbili haziwezi kulisemea bara zima.

Kiswahili nacho, kilichompa Mbiti istilahi zake, ni shahidi asiyeelemea upande mmoja. Kiambishi -ta- huhusishwa na kitenzi taka, ilhali -li- huhusishwa na kitenzi cha kuwa. Kwa asili hiyo, lililopita ni lililokuwa, na lijalo ni litakwalo tu. Aidha, hesabu ya siku za mbele, yaani kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, haifiki juma. Hapo mtetezi wa Mbiti angefurahi. Lakini majina ya siku za nyuma, jana na juzi, hayazidi hayo. Neno zamani lenyewe latoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni wakati au enzi, wala Mswahili haoni ajabu kusema zama zijazo. Na asemaye “atakuja” hakuweka mpaka: huenda ni jioni, huenda ni baada ya miaka elfu. Asili ya kiambishi si maana yake ya leo. Tena mkulima wa pwani apandaye mnazi hungoja zaidi ya miaka miwili kabla ya kuangua dafu la kwanza, naye hupanda.

Mtihani mgumu zaidi, hata hivyo, umo katika maisha ya Mbiti mwenyewe. Mwaka 2014, akiwa amevuka umri wa miaka 80, ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, kutoka Kiyunani. Kitabu hicho kimejaa ahadi za yatakayokuja, na mfasiri hawezi kuzikwepa. Mbiti alikwisha kusema kwamba mafundisho ya Kikristo na elimu ya shule yalikuwa yakiupanua wakati ujao wa Waafrika. Je, wafasiri ndio walioipanua lugha, au lugha ilikuwa na nafasi hiyo tangu hapo?

Jedwali la njeo haliwezi kujibu swali hilo. Anayemkubali Mbiti na anayempinga wana deni moja: kwenda kwa wasemaji na kusikiliza wanavyotumia vitenzi wanapoahidi, wanapoapa na, hasa, wanapousia. Mzee anayewausia wajukuu ambao hawajazaliwa hasemi juu ya Zamani. Na maneno anayoyachagua ndiyo ushahidi ambao ubishi huu bado unauhitaji.